Tonny Nyongesa Wekoye, Fundi Aliyefundisha Magari Kupanda Mlima

Mchungaji, Mama yetu mpendwa, wakwe zetu kutoka Endebess, wateja wa marehemu na majirani wote wa Naitiri: mimi ni Sellah Wekoye, dada mkubwa wa marehemu, na ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Kamukuywa. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu ndugu zangu walisema mimi sitalia. Ni kweli sijalia. Nimekasirika, na kila aliyewahi kumpa marehemu gari lake atanielewa.

Tonny Nyongesa Wekoye alizaliwa Jumatatu, tarehe 16 Machi 1970, hapa hapa Naitiri. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Petro Wekoye, dereva wa trekta, na Mama Nabwile, ambaye tuko naye hapa mbele. Mama anasema trekta ya baba ilitumwa kumleta mkunga, ikakwama kwenye matope, na mtoto hakungoja. Ndiyo mara ya mwisho ndugu yangu kufika mahali kabla ya wakati. Haraka yake yote aliimaliza siku ile, na kuanzia hapo tukawa tunamngoja sisi.

Alisoma shule ya msingi ya hapa Naitiri na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, katika kundi lile la kwanza kabisa la mfumo wa elimu wa 8-4-4. Walimu walimpenda, isipokuwa wale waliokuwa na redio au baiskeli. Wazee watakumbuka ile mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa sokoni. Mwenyewe alitoka kidogo kwenda kunywa chai, akamwacha Nyongesa aangalie mlango. Nyongesa aliona foleni ya akina mama ni ndefu, akakaza springi ya injini ili mashine izunguke kwa kasi kuliko ilivyoumbwa. Foleni iliisha mara moja. Unga nao ulitoka moto, una harufu ya moshi, na jioni ile Naitiri nzima ilikula ugali ulioungua kabla ya kupikwa.

"Nyongesa, huu unga umepikiwa wapi?" Mama alimuuliza.

"Lakini Mama, si foleni imeisha?"

Baba hakuuliza kitu. Alimjibu kwa fimbo, na kesho yake akampeleka kuilegeza ile springi akina mama wakiwa wamesimama pale wanamtazama. Marehemu alipenda kusema kwamba siku hiyo ndiyo alijifunza kuwa kasi ina mwenyewe, na mwenyewe si fundi. Mimi niliona amejifunza kukimbia fimbo tu.

Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ufundi mjini Kitale, akahitimu mwaka 1992 katika ufundi wa magari. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya shamba moja kubwa Endebess, akawa anatengeneza matrekta na mashine za kuvuna ngano. Huko ndiko alikojuana na Mzee Kemboi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye baadaye alikuja kuwa mkwe wetu bila kupenda sana. Nitafika hapo.

Mwaka 2000 aliacha kazi ya watu, akafungua gereji yake Kitale pamoja na rafiki yake Gathogo, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia zamani kutoka Nyeri. Wakati huo magari kutoka Japani yalikuwa yanaingia kwa wingi, na mafundi wa mji walikuwa wanafungua boneti wanakuna kichwa. Hakuna kabureta. Ndani kuna kisanduku tu, kompyuta ya injini, inayoamua mafuta yaingie kiasi gani na cheche ziwake saa ngapi. Wengi walikifunga tena wakamwambia mwenye gari aombe Mungu. Marehemu yeye alinunua laptopu iliyotumika, akakaa kwenye cyber café ya Kitale kila Jumapili baada ya ibada (na mara nyingine badala ya ibada, Mchungaji, wacha niseme ukweli), hadi akajua kukifungua kile kisanduku na kuandika upya yaliyo ndani yake.

Mteja wake wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa Bwana Kinyua, mfanyabiashara wa viazi, ambaye namwona pale nyuma.

"Fundi, hii pickup ndio nimetoa Mombasa juzi na inashindwa na mlima wa Endebess," Kinyua alimwambia. "Nimeuziwa mbovu ama?"

"Si mbovu. Ilisomea Japani," marehemu akamjibu. "Haijui huku kwetu juu hewa ni nyepesi, haijui mafuta yetu, na magunia yako haijawahi kuyaona. Wacha niirudishe shule."

Alikuwa na tabia hiyo ya kuiba maneno ya kazi yangu. Magari yalikuwa yanasoma, yanafeli, yanarudia darasa. Mimi nilikuwa na watoto wa kweli wanaofeli, na hakuna aliyeniletea laptopu.

Sasa, kuhusu namna yake ya kufanya kazi. Hakuwahi kugusa gari kabla ya kupanda nalo. Ilikuwa lazima mwenye gari aendeshe mwenyewe, kwenye barabara yake mwenyewe, na mzigo wake wa kila siku ukiwa ndani, huku Tonny ameketi kando na laptopu mapajani. Hakuwa anatazama barabara. Alikuwa anatazama mguu wa dereva. "Injini zote ni sawa," alikuwa anatuambia, "miguu ndiyo tofauti." Kwa hiyo ukimtafuta gerejini unaambiwa ameenda Kiminini na mtu wa mkate. Ukimngoja kwa chakula cha mchana unasikia yuko njia ya Endebess katikati ya madebe ya maziwa. Mikutano mingi ya familia ilifanyika bila yeye, na maamuzi yote mabaya yaliyofanywa humo alituambia baadaye kwamba hakuwepo.

Vijana wa mji walikuja kwa ajili ya mbio. Mmoja alikuja nikiwa pale, nimekaa kwenye kiti cha plastiki namngoja ndugu yangu anipeleke kwa Mama.

"Niaje fundi. Nataka hii ndude iruke, bana. Ipite wasee wote wa Eldoret."

Tonny alipanda naye. Waliporudi, alichomoa waya wake akaukunja polepole.

"Gari yako iko sawa. Mguu wako ndio umelewa. Rudi ukishaoa."

Yule kijana alitukana mbele yangu, mwalimu mzima, akaenda zake. Nami nikamgombeza Tonny kwa kufukuza wateja.

Tarehe 7 Desemba 2002 marehemu alifunga ndoa takatifu na Joy Chepkemei, binti wa Mzee Kemboi, kanisani Endebess. Mnajua desturi yetu ya msafara: gari la maharusi likishika njia, hakuna wa kulipita, hata likitambaa. Basi Tonny, akiwa ndani na suti nyeupe, akasikia gari la maharusi linakohoa. Alisimamisha msafara. Alivua koti, akampa bibi harusi alishike pamoja na maua, akaingia chini ya boneti. Magari yote nyuma yakasimama, kwaya ikashuka ikaimba kando ya mahindi, kanisani Mchungaji akaanza mahubiri ya kungojea Bwana arusi, na hakuna aliyethubutu kupita. Picha kubwa iliyo sebuleni kwao inaonyesha Joy amesimama barabarani na mgongo wa suruali nyeupe yenye oili. Mzee Kemboi aliniuliza siku hiyo kama ndugu yangu ni mzima. Nilimwambia ni mzima, lakini nilisitasita. Mungu aliwabariki na watoto wawili, Kevin na Cheptoo.

Sasa nifike kwenye gari langu, kwa maana hata wasipotaka wenzangu nisome sehemu hii, nitaisoma.

Mwaka 2006 nilinunua Subaru ya kijani. Shule yangu iko Kamukuywa, Mama anaishi hapa Naitiri na moyo wake hauna nguvu, na nilikuwa nimechoka kuletewa habari za ugonjwa wake wakati magari ya abiria yameisha. Nilitaka gari la kunifikisha haraka. Basi. Nilikuwa dada wa fundi ambaye Kitale nzima ilikuwa inamwimba, nikaona nimebarikiwa. Tonny akapanda kando yangu kutoka Kamukuywa hadi hapa, laptopu mapajani kama kawaida. Njiani nililipita trekta la miwa kwenye kona. Lilikuwa linanichelewesha. Nilimwona ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Dada, niachie gari siku mbili," aliniambia tulipofika.

"Liongezee nguvu, Tonny. Usinifanyie kazi ya undugu, nifanyie ya kweli."

"Nitakufanyia ya kweli."

Aliporudisha funguo alisema, "Nimemaliza. Sasa hii ni gari yako hasa." Nikamshukuru. Nikamwombea hata.

Ndugu zangu, lile gari lilikuwa likifika kilomita themanini kwa saa linapumua. Ukikanyaga, halikatai kwa kelele wala kutetemeka, linabaki tu pale pale kwenye themanini kama mtoto aliyeambiwa akae. Matatu ziliwekewa gavana, kile kifaa cha kuzuia kasi, na serikali mwaka 2004, mimi nikawekewa na Shetani, ndivyo nilivyodhani. Nilirudi kwa Tonny. Akasema ni hewa ya Kitale. Nikamwambia hewa hiyo hiyo inavutwa na pickup ya Kinyua. Akasema basi ni mafuta. Nikabadilisha kituo cha mafuta. Akasema ni tairi, nikanunua tairi. Akasema ni uzito wa vitabu vya shule kwenye buti, nikatoa vitabu vyote, nikavibeba kichwani kuviingiza ofisini watoto wakinitazama. Themanini. Kimutai wa pikipiki alinipita akiwa amepakia mbuzi, na mbuzi aliniangalia. Walimu wenzangu waliniuliza kama kweli yule fundi wa Kitale ni ndugu yangu wa tumbo moja. Kila gari alilogusa lilipanda mlima, isipokuwa la dada yake. Nilimwambia hivyo mbele ya Mama, Krismasi ya 2007, na alicheka hadi akatoka nje.

Mwezi Septemba 2008 marehemu alianza kuvimba miguu na kulalamika kichwa. Joy alimsihi aende hospitali. Alisema ataenda akimaliza gari moja. Kulikuwa na gari moja Oktoba, gari moja Novemba, na gari moja sikukuu ya Krismasi. Alhamisi, tarehe 12 Februari 2009, Joy alinipigia simu kwamba hawezi kusimama. Daktari wa Kitale alisema ni figo, apelekwe hospitali kubwa ya Eldoret siku hiyo hiyo, na ambulensi ilikuwa imetoka. Nikampakia kwenye Subaru. Joy alikaa nyuma. Tonny alikataa kuacha mkoba wa laptopu, akauweka miguuni.

Sitaki kuisimulia sana safari hiyo. Kuanzia Moi's Bridge hadi Soy nilikanyaga ile pedali hadi kisigino kikaniuma, na sindano ilikaa themanini. Nililipigia kelele gari. Niliupiga usukani kwa ngumi. Nilimwambia ndugu yangu, mgonjwa vile alivyokuwa, kwamba gari alilonitengenezea ndilo litakalomuua.

"Dada," aliniambia, "hata na themanini watu hufika."

Tulifika. Madaktari walimpokea na kumhudumia kwa moyo wote, na tunawashukuru. Jumanne, tarehe 17 Februari 2009, saa nne asubuhi, Joy akiwa amemshika mkono, Bwana alimchukua mtumishi wake. Nilimuuliza daktari kama tungefika mapema zaidi. Alisema hapana, figo zilikuwa zimechoka zamani, barabara haikuongeza wala kupunguza. Nilimuuliza tena. Akajibu vile vile. Sikumwamini.

Karatasi mliyo nayo mikononi inaishia hapo, kwa sababu ilichapwa Kitale juzi. Haya yanayofuata nimeyaandika jana kwa kalamu, nayasoma hivyo hivyo.

Jana tulimtoa marehemu mochari ya Kitale, alikokuwa amehamishiwa kutoka Eldoret, kumleta nyumbani. Gari la jeneza lilitangulia. La pili ni la familia, na kwa umri wangu na kwa bahati yangu mbaya hilo lilikuwa Subaru ya kijani, nikiwa na Mama na Joy na watoto. Nyuma yangu yalijipanga magari yote aliyowahi kuyatia mkono: pickup ya Kinyua, lori la maziwa la Mzee Kemboi, gari la mtu wa mkate, na vijana wa mji na zile ndude zao zinazonguruma. Injini zote alizozifundisha kukimbia. Na desturi ni ile ile ya harusi. Gari la wafiwa halipitwi. Gari la jeneza lilituacha nyuma kilima kimoja, likasimama kutungoja, likatuacha tena kingine. Nilitazama kwenye kioo nikaona msururu hauna mwisho, taa zimewashwa mchana, wote wanatambaa nyuma yangu kwa themanini. Niliona aibu, nikamkasirikia marehemu upya, mbele ya jeneza lake.

Tuliposhuka hapa, Kinyua alisema, "Mwalimu, hiyo Subaru inahitaji fundi." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga. Gathogo hakucheka. Alinivuta kando ya ghala.

"Mwalimu, hiyo gari haina shida yoyote. Ni Tonny aliifunga."

"Aliifunga vipi?"

"Kwa kompyuta. Themanini, isipite. Alitoka kwa ile safari yenu ya kwanza akaniambia, 'Gathogo, dada yangu ako na mguu wa hasira. Amepita trekta kwa kona. Mama anamtegemea, shule nzima inamtegemea, hata mimi.' Nikamwambia si umwambie tu? Akasema, 'Sellah ukimwambia pole pole anaongeza. Wacha achukie mimi.'"

Nilimwambia Gathogo ananidanganya. Nilimwambia siku ya Eldoret laptopu ilikuwa miguuni pake, na kama ni kufunga, si angefungua akiwa anakufa? Gathogo akamtazama Joy, ambaye alikuwa ametufuata.

"Nilimwambia afungue, Mwalimu," Joy akasema. "Ulipoingia kwa duka ya dawa pale Moi's Bridge. Ni dakika chache tu, nilijua hiyo. Nilimlilia. Akakataa. Akasema, 'Leo ndio siku mbaya kabisa ya kumfungulia. Si unaona anaendesha akilia?'"

Mnisamehe. Nilisema mimi sitalia.

Kwa hiyo huyo ndiye ndugu yangu. Watu wazima wanashauriana, yeye anatazama mguu. Alinidanganya mwaka hadi mwaka, akanibebesha vitabu kichwani, akacheka hadi nje nikiwa nimekasirika mbele ya Mama, na siku ambayo haraka ilikuwa ni yake mwenyewe, hakuitumia. Nimetafuta neno la kumsamehe tangu jana na sijalipata. Ningekuwa naye hapa ningemgombeza tena kwa sauti, na najua angenijibu kwamba hewa ya Naitiri ni nyepesi.

Marehemu ameacha mjane, Joy Chepkemei. Watoto, Kevin na Cheptoo. Mama yake, Mama Nabwile. Mimi dada yake na ndugu zake watatu. Wakwe zake wa Endebess wakiongozwa na Mzee Kemboi. Rafiki na mshirika wake Gathogo. Na magari ambayo hatuwezi kuyahesabu.

Gathogo amesema leo baada ya mazishi anaweza kunifungulia Subaru, ni kazi ndogo. Gathogo, asante. Funga mkoba wako. Liache gari alivyoliacha.

Na wewe Nyongesa, mtoto wa Mama, pumzika kwa amani mikononi mwa Bwana. Usinihangaikie tena. Mimi nitakuja polepole, kama ulivyotaka.